Bakuli la Pembeni

Ndugu wasikilizaji, asanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumzie ubunifu katika mapishi ya nyumbani, na naanza na kinachowazuia wengi: hofu ya kuharibu sufuria nzima. Hofu hiyo ina msingi. Apikaye nyumbani ana watu wenye njaa wanaomsubiri, na chakula kikiharibika, hakuna kingine. Ndiyo maana mtu anaweza kupika mchuzi uleule miaka nenda miaka rudi.

Dawa ninayoiamini ni bakuli la pembeni. Mchuzi ukikaribia kuiva, chota vijiko vitatu vinne, weka kwenye bakuli dogo, fanyia majaribio yako humo. Kamulia tone la limau, onja. Chota mwingine, safari hii ongeza chumvi badala ya limau, onja, kisha linganisha na ule wa sufuriani. Badilisha kitu kimoja tu kila mara, kwani ukitia limau, sukari na pilipili manga kwa mpigo hutajua kipi kimekusaidia. Kikikupendeza, peleka sufuriani. Kisipokupendeza, umepoteza vijiko vichache tu.

Mkiifanya iwe mazoea mtagundua kwamba chakula tunachodhani kimepungua chumvi mara nyingi kimepungukiwa uchachu. Na chumvi yenyewe ina kazi isiyotajwa sana: hufifisha uchungu. Mboga chungu ikiongezwa chumvi kidogo, utamu uliojificha ndani yake hujitokeza.

Kwenye kitunguu naomba tukae kidogo, maana mapishi mengi huanzia hapo. Maji huchemka kwenye nyuzijoto 100, na chakula kilichomo majini hakipiti hapo. Ile rangi ya kahawia na harufu inayomwita mtu jikoni hutokea kwa kasi joto likifika kama nyuzi 140, protini na sukari zinapokutana. Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza jambo hilo mwaka 1912. Sasa tazameni kikaango kilichojazwa vitunguu hadi juu: vinatoa maji, maji yanakosa pa kutokea, na vitunguu vinachemka badala ya kukaangika. Vipunguzeni, vitandazeni, mtasikia hata sauti ya mafuta ikibadilika.

Kwa hiyo jaribuni hivi. Siku moja ungeni maharage kwa kitunguu kilicholainika tu, bado cheupe. Siku nyingine kiacheni moto mdogo, mkikigeuza bila haraka, hadi kiwe kahawia iliyokolea. Maharage ni yaleyale, kitunguu ni kilekile, lakini mezani ni vyakula viwili. Hamkununua kitu kipya, na hili nalisema kwa msisitizo, kwa sababu watu hudhani ubunifu ni kujaza rafu viungo vya ajabu.

Wakati wa kutia kiungo nao ni uwanja mpana. Bizari nzima ikianza na mafuta ya moto, harufu yake huenea chakula chote, kwani sehemu kubwa ya harufu ya viungo huyeyuka kwenye mafuta kuliko kwenye maji. Ikikaangwa kando na kumwagiwa juu dakika ya mwisho, mlaji hukutana nayo kali, punje kwa punje. Nyanya na limau vingojee maharage yalainike kwanza, maana asidi huyachelewesha kuiva.

Yako mambo yasiyojaribiwa. Maharage mekundu makavu yalowekwe, maji ya kulowekea yamwagwe, kisha yachemke kwelikweli kwa dakika 10 au zaidi, maana yana sumu ambayo moto mdogo hauimalizi. Wali uliopikwa nao usikae nje ya jokofu saa nyingi.

Mwisho, mnaokula nao wasiulizwe kama chakula ni kitamu. Watasema ndiyo, ni adabu yao. Waulizeni kimepungua nini. Jibu liandikeni usiku huohuo, pamoja na mlichobadilisha, kabla ladha haijawatoka. Sasa nakaribisha maswali.