Namba 85: Mhadhara kwa Wanafunzi wa Kigoma

Walimu wenzangu, wazazi wetu, wavuvi mliotoka mwaloni Kibirizi mkaja huku usingizi ukiwa machoni, nanyi wanafunzi, karibuni sana.

Nianze na namba 85. Siku tuliyotumbukiza kihisi joto ziwani kwa mara ya kwanza, bodi yetu ya Arduino, yaani kikompyuta kidogo cha kusomea vihisi, iliandika nyuzi joto 85. Mtoto akichovya mguu kwenye maji ya namna hiyo anababuka! Kijana mmoja wa kidato cha pili akasema, "Mwalimu, tuifute tu tuendelee." Nikamwambia hapana, ibaki. Tukakagua waya, tukakagua rezista, giza likaingia. Ndipo binti mmoja akasoma maelezo ya kihisi chenyewe, DS18B20, akakuta kwamba 85 ndiyo namba kinayoamka nayo kabla hakijapima chochote. Kipimo kamili kinataka robo tatu ya sekunde, na programu yetu ilikuwa ikiuliza na kuondoka na jibu papo hapo. Tukaongeza mstari mmoja wa kusubiri. Ikaja 26.4. Walivyoshangilia, mngedhani timu yao imefunga bao.

Sasa, joto la maji lina nini? Ziwa Tanganyika lina kina cha mita 1,470 hivi, na rutuba yake nyingi imelala chini. Upepo wa kusini, unaovuma Mei hadi Septemba, ndio unaolikoroga ikapanda. Maji ya juu yakizidi joto huwa mepesi, yakaelea kama mafuta juu ya mchuzi, na upepo ukashindwa kuyachanganya. Vijimea, yaani mimea midogo mno inayoelea majini, vikikosa rutuba, dagaa hupungukiwa chakula, na mgebuka anayemla dagaa hali kadhalika. Mwaka 2003 mtafiti Catherine O'Reilly na wenzake waliandika katika jarida la Nature kwamba uzalishaji wa vijimea hivyo huenda umeshuka kwa asilimia 20, na wakakadiria kuwa mavuno ya samaki yangeshuka kwa karibu asilimia 30. Hao ni dagaa wanaoanikwa hapo Katonga, ndio ada zenu za shule.

Wengi huniuliza kwa nini hatutengenezi roboti ya kupeleka kwenye maonesho. Roboti ni nzuri, lakini hupigiwa makofi siku moja ikarudi kabatini. Joto la ziwa hupanda kwa sehemu ndogo ya nyuzi moja katika miaka mingi, kwa hiyo kipimo cha wiki mbili hakituambii kitu. Nataka kifaa cha bei ndogo kinachopima kila siku, mkihitimu wadogo zenu wakipokee. Kando yake nataka daftari la karatasi, maana betri huisha na kadi ya kumbukumbu huharibika.

Mzee mmoja wa Kibirizi ametukubalia tufunge kihisi kwenye mtumbwi wake. Anatoka saa kumi na mbili jioni. Orodha ya zamu iko mezani hapa, na Jumamosi bado haina jina.