Kamera tano za Bil'in: maneno machache kabla hatujazima taa

Asalaam alaykum, na ndugu zangu ambao si Waislamu habari za jioni, karibuni sana. Hapo mlangoni nimeulizwa kama hii ni shughuli ya msikiti, jamani hapana, Palestina kuna Waislamu na kuna Wakristo, Bethlehem ni kwao, Nazareth ni kwao, na Elia Suleiman, mwongozaji wa filamu ambaye filamu yake ilichukua tuzo ya majaji kwenye tamasha la filamu la Cannes 2002, ni mzaliwa wa Nazareth hiyohiyo. Kwahiyo kaeni kwa raha, leo tunaangalia filamu ya Kipalestina, 5 Broken Cameras, yaani kamera tano zilizovunjika.

Nina jambo moja tu. Kwa Wapalestina filamu tangu zamani si kitu cha kuangalia halafu kila mtu anashika njia yake. Mwaka 1968 kule Jordan, Mustafa Abu Ali, Hani Jawharieh na dada mmoja, Sulafa Jadallah, walianzisha kitengo cha filamu ndani ya Fatah, chama cha ukombozi cha Wapalestina, vifaa vyenyewe vya kuungaunga, wakawa wanarekodi maisha ya wakimbizi na wapiganaji kisha wanazirudisha zile filamu kambini kwa wenyewe, watu wanaangalia, wanabishana, wanasema hapa sawa hapa sivyo. Hani aliuawa 1976 kwenye milima ya Lebanon akiwa anapiga picha. Halafu 1982 Israel ikavamia Lebanon hadi Beirut na ile hazina ya mikanda ikapotea, miaka mingi baadaye baadhi ya picha walizonyang'anywa zikaja kuonekana kwenye nyaraka za jeshi la Israel! Yaani umenyang'anywa ardhi, na picha ulizopiga mwenyewe nazo zinachukuliwa. Ndo maana mtu akiniambia kukusanyika kuangalia filamu ni kupoteza muda huwa inaniuma kwelikweli.

Sasa hii ya leo. Emad Burnat ni mkulima wa kijiji cha Bil'in, Ukingo wa Magharibi. 2005 alipata mtoto wa nne, Gibreel, akanunua kamera ampige picha mwanawe, basi, kama baba yeyote. Lakini wakati huohuo uzio wa Israel unapitishwa katikati ya mashamba yao, mizeituni inang'olewa, na wanakijiji wakaanza kuandamana kila Ijumaa bila silaha, naye anawafuata na kamera yake, ikivunjwa anatafuta nyingine, ikivunjwa nyingine tena. Kwenye filamu mtaziona zimepangwa mezani zote tano, ziangalieni vizuri maana kila moja ina kisa chake, na kuna iliyopigwa risasi akiwa ameishika.

Filamu kaitengeneza pamoja na Mwisraeli, Guy Davidi, na ikaingia kugombea Oscar 2013. Najua kuna wenzetu humu hawaafiki ushirikiano wa namna hiyo, semeni baadaye wala msiogope. Mimi naona kilicholindwa ni macho ya Emad, sauti ni yake mwanzo mwisho.

Na maandamano yale yalizaa kitu, mahakama kuu ya Israel ilisema 2007 uzio usogezwe, ukaja kusogezwa 2011, sehemu ya ardhi ikarudi, si yote.

Ila kabla ya hapo, Aprili 2009, wanajeshi wa Israel walimuua mwanakijiji mmoja, Bassem Abu Rahmah, bomu la machozi lilimpiga kifuani. Kijijini walimwita Phil, yaani tembo, watoto walikuwa wanamgandia kila anapokwenda. Hakuna mwanajeshi hata mmoja aliyeshtakiwa. Gibreel bado mdogo kabisa, anamuuliza baba yake kwanini asiwachome kisu wale wanajeshi, na Emad anamjibu kwa swali, kwanini unataka kuwaumiza? Mtoto anasema kwasababu wamemuua Phil wangu.

Hapo ndo nataka tuanzie mazungumzo ikiisha, wewe mzazi ungemjibu nini? Wanaotaka kuswali isha, nafasi ipo chumba cha nyuma, tutawasubiri. Haya, taa tafadhali.