Pumba zina kiu

WAFULA: Hamjambo wasikilizaji, karibuni tena kutoka hapa Kisumu. Dada Atieno, ile keki ya mama ilikuaje?

ATIENO: Iliniuma, Wafula. Daktari alimwambia mama aongeze nyuzinyuzi kwenye chakula, naye bila kipande cha keki na chai ya saa kumi hatulii. Nikatoa nusu ya unga mweupe, nikajaza pumba za ngano. Mengine sikugusa. Ikatoka fupi, nzito, ukikata inamomonyoka.

WAFULA: Pumba si zile za duka la mifugo?

ATIENO: La, hizi zimefungwa kwa ajili ya watu, nilizipata supamaketi.

WAFULA: Sawa. Na mchanganyiko ulikuwaje kabla ya kuingia kwenye oveni?

ATIENO: Mzito. Mwiko ulisimama wima.

WAFULA: Basi shida ilianzia hapo. Pumba hunywa maji mara kadhaa ya uzito wake, na maji hayo ndiyo wanga wa unga ungeyahitaji ili uive vizuri. Halafu kuna hewa. Ukipiga siagi na sukari unaingiza viputo. Mchanganyiko ukiwa mwepesi mno, vinapanda na kutoroka. Ukiwa mzito mno, vinashindwa kutanuka. Keki haiumuki.

ATIENO: Na kumomonyoka?

WAFULA: Vipande vikubwa vya pumba vinatoboa kuta za viputo, tena vinaingilia kati mayai na wanga visishikane. Zisage laini. Kwa gramu 250 za unga, toa 50 tu, uweke gramu 50 za pumba. Pumba hizo ziloweke kwanza kwa maziwa moto, mililita 100 hivi, juu ya yale ya kawaida. Nusu saa. Zipoe kabisa kabla hazijakutana na mayai.

ATIENO: Ndivyo ulivyonielekeza kabla ya kipindi, nikafanya hivyo Jumamosi, ukanisaidia sana. Kimo hakikufika kile cha keki nyeupe, nisiwadanganye wasikilizaji, na ndani ni kahawia. Lakini siku ya tatu ilikuwa bado laini!

WAFULA: Nyuzinyuzi zinashikilia unyevu, ndiyo sababu. Ila tumwambie mama ukweli: ukiikata vipande kumi, pumba zinampa gramu 2 hivi za nyuzinyuzi kwa kipande. Shirika la Afya Duniani linataka mtu mzima apate angalau 25 kwa siku. Maharagwe na sukuma wiki visiondoke mezani. Na sukari iliyomo haikupungua kwa sababu ya pumba.

ATIENO: Nitamwambia. Sasa ananiuliza kama wimbi litafaa, maana ladha yake ameizoea kwenye uji.

WAFULA: Litafaa. Halina gluteni, ile protini ya ngano inayosaidia keki kushikana, kwa hiyo anza na gramu 50 zilezile, unga uliosagwa laini, uuchekeche mara mbili. Ukishaoka niletee kipande, tukionje hapa hapa kipindi kijacho.