Gunia Lipimwe Shambani

Mwenyekiti, ndugu zangu wa Moshi, nashukuru kwa nafasi hii. Mada niliyopewa ni pana: mfumo wa chakula wa taifa ulio wa haki na endelevu. Wanaonifahamu wanajua naanzia wapi, na naona baadhi yenu mmeshaanza kutabasamu. Naanzia kwenye lumbesa, yaani gunia linalojazwa kupita kipimo, na nitaendelea kuanzia hapo mpaka iishe.

Twendeni Mang'ola, bonde la Eyasi, msimu wa vitunguu. Gunia linajazwa mpaka mdomoni. Wewe unadhani limejaa. Mfungashaji anachukua kamba, anasuka wavu juu ya mdomo wa gunia, anazidi kupanga vitunguu, anashindilia kwa goti, mpaka gunia linaota kichwa. Na bei mlipatana kwa gunia! Sheria ya Vipimo inataka gunia lisizidi kilo 100. Tuseme hili lina 140. Mwenye magunia 50 ametoa tani mbili bure. Tani mbili za jasho lake, za mbolea yake, za mafuta ya pampu aliyokesha nayo, zimepakiwa kwenye lori huku amesimama anatazama.

Mtaniambia, mbona mkulima mwenyewe amekubali? Amekubali akiwa na deni la pembejeo, kitunguu kimeshang'olewa, mvua inanyemelea, na dalali amemwambia wazi kwamba akikataa, lori linahamia kwa jirani. Msiyaite hayo mapatano.

Mwingine, hasa wa mjini, anasema lumbesa ikiondoka vitunguu vitapanda bei. Mama yangu, wewe ulipimiwa lumbesa lini? Pale soko la Mbuyuni unanunua kwa kilo, kwa fungu, au nafaka kwa sado, lile kopo la kupimia, tena wengine sado yenyewe wameibonda kitako ipokee kidogo. Zile kilo 40 hazijawahi kukufikia zikiwa bure. Unazilipia kama nyingine zote. Anayelima hakulipwa, anayekula amelipa, na bado tunauliza mfumo wa chakula una kasoro gani!

Na asije mtu kuniambia mizani haiwezekani vijijini. Si hapa Kilimanjaro. Wazee wetu waliunda chama cha wakulima wa kahawa mwaka 1925, na chama kikuu cha ushirika, KNCU, kikazaliwa 1933. Mzee anateremka na kahawa yake mpaka chama cha msingi, inapandishwa kwenye mzani, anasoma mshale kwa macho yake, karani anaandika kilo kitabuni. Hakuna anayemwambia aongezee kichwa juu ya gunia. Kwa nini kahawa inayokwenda kunywewa Ulaya ipimwe kwa kilo, na kitunguu cha kumlisha Mtanzania kipimwe kwa jicho? Swali hili nimeuliza kwenye mikutano mingi na sijajibiwa.

Sisemi serikali imelala. Wakala wa Vipimo wanafanya operesheni, tunawaona. Lakini lori linakamatwa barabarani. Mfanyabiashara anatozwa faini, safari inaendelea. Na mkulima? Alishalipwa kwa gunia, yuko nyumbani kwake, kilo zake hazirudi. Ukaguzi unamkuta mwizi baada ya mali kuuzwa. Mzani unatakiwa uwe kwenye kituo cha kukusanyia mazao, kata nzima ipime pale, ili dalali akihama kwa huyu akute mzani kwa yule. Mkulima mmoja mmoja akigoma atabaki na vitunguu vyake vinaota.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, uendelevu. Nitasema kwa ufupi, ingawa ni jambo kubwa. Mtu anayenyang'anywa karibu theluthi ya mavuno yake anatoa wapi fedha ya samadi, au nafasi ya kulipumzisha shamba? Atalikamua tu. Atapiga dawa leo na kuvuna kesho kutwa kwa sababu hawezi kumudu hasara nyingine, na hiyo nyanya tutaila sisi. Vihamba vyetu, mashamba ya familia, vinakatwa viwanja, migomba inaondoka, mifongo, mifereji yetu ya kumwagilia, inaachwa izibe. Hilo linahitaji siku yake. Mboga za asili, mnavu, mgagani, ngogwe, msiziache. Kituo cha World Vegetable Center kiko hapo jirani Arusha na kina hifadhi ya mbegu zake, nendeni mkaulize. Nilikuwa na sehemu ya chakula cha shuleni, nayo naiacha.

Madiwani mliomo humu, mwaka wa fedha unaanza Julai. Ushuru wa mazao mnaukusanya kila msimu, na anayeubeba mwishowe ni huyu huyu mkulima. Nataka nione kwenye bajeti ya halmashauri mstari ulioandikwa mizani, na jina la kila kata itakayowekewa, na nani atakayeihakiki mizani hiyo. Nitaomba nakala, na nitaisoma yote.