Tunapata Huku Tunapoteza

Mabibi na mabwana, habari za jioni. Nilipoambiwa nije kuzungumzia saikolojia ya makuzi, nilijua wengi mtakuja mkitarajia habari za watoto. Haya, tuanze na mtoto. Ila leo sianzi na anachojifunza, naanza na anachopoteza.

Mwaka 1984 watafiti wawili nchini Kanada, Janet Werker na Richard Tees, walichapisha kazi ambayo mimi sichoki kuisimulia. Mtoto wa miezi 6 hadi 8 amepakatwa. Spika inatoa silabi ileile: ta, ta, ta, ta. Kisha inabadilika, nayo ni ta vilevile, kwa masikio yangu na yako. Kihindi kina t zaidi ya moja: kuna ya ulimi kugusa meno, na kuna ya ncha ya ulimi kupindwa juu kuelekea kaakaa. Kila sauti inapobadilika, pembeni kinawaka kisanduku na mwanasesere wa mnyama anaanza kuchezacheza. Mtoto si mjinga. Baada ya muda mfupi, akisikia tu badiliko anageuza shingo kumsubiri mnyama wake. Wazazi wake ni wasemaji wa Kiingereza, hiyo tofauti wanaipata kwa shida, lakini yeye anaisikia.

Sasa chukua watoto wa miezi 10 hadi 12 kutoka familia za aina hiyohiyo. Sauti inabadilika, mnyama anawaka, na wengi wao shingo iko palepale.

Ni hasara hiyo? Ukitaka kumfundisha Kihindi ukubwani, ni hasara kweli. Lakini katika miezi hiyohiyo sikio lake linakuwa kali kwa lugha ya nyumbani, kwa sababu limeanza kupuuza tofauti ambazo hapo kwao hazibebi maana. Kupata na kupoteza vimekuja katika mfuko mmoja, na huyu hata mwaka hajafikisha.

Paul Baltes, Mjerumani aliyefanya kazi miaka mingi katika Taasisi ya Max Planck ya Makuzi ya Binadamu mjini Berlin, aliishikilia hoja hii kwa maisha yote ya mwanadamu: hakuna umri wa kupata tu, wala umri wa kupoteza tu. Kinachobadilika ni uwiano. Kabla ya hapo sehemu kubwa ya taaluma ilikuwa ikimwacha mtu mlangoni mwa utu uzima. Jean Piaget, kwa mfano, mwanasaikolojia wa Uswisi aliyegawa ukuaji wa fikra za mtoto katika hatua, hatua yake ya mwisho ya kufikiri huanza karibu na kubalehe. Mwanasaikolojia mwingine, Erik Erikson, alikwenda mbali zaidi mwaka 1950 kwa hatua zake 8 zinazofika hadi uzeeni, nami namheshimu kwa hilo. Tatizo ni sisi walimu, tumezikaririsha mpaka zimekuwa kama ngazi za ghorofa.

Tuje kwenye swali ambalo mtaniuliza hata nikilikwepa: akili inaanza kushuka lini? Mwaka 1956 mwanasaikolojia K. Warner Schaie alipima uwezo wa akili wa watu wazima 500 huko Seattle, Marekani, kuanzia vijana wa miaka ishirini na kitu hadi wa miaka 70. Ukiwapanga kwa umri siku ile, unaona mteremko, na unaanza mapema. Wengine wangefunga daftari hapo. Schaie alirudi 1963 kuwapima upya walewale, akawa anarudi kila baada ya miaka 7. Mtu alipolinganishwa na yeye mwenyewe, uwezo mwingi ulisimama imara mpaka kwenye miaka ya sitini hivi. Kasi ya akili ndiyo iliyotangulia kushuka.

Mteremko wa kwanza ulitoka wapi, basi? Kwa sehemu kubwa ulitoka kwenye vizazi. Mzee wa 1956 alikuwa amekaa darasani miaka michache kuliko kijana wa 1956. Tulidhani tunapima uzee, kumbe tunapima pia shule ya zamani. Nakiri kwamba kumfuatilia mtu nako kuna kasoro zake: walio dhaifu huacha kuja, na wanaorudi wamekwishazoea mtihani. Ndiyo maana Schaie kila mara aliongeza watu wapya.

Na hiyo kasi inayoshuka, watu huishi nayo vipi? Mwaka 1984 huohuo, mwanasaikolojia Timothy Salthouse aliwachunguza wapiga taipu wa miaka 19 hadi 72. Ukiwataka wabonyeze kitufe upesi waonapo ishara, wakubwa walichelewa. Ukiwapa maandishi wataipu, hawakuachwa nyuma. Siri ilijitokeza alipoyafunika maneno yajayo na kuonyesha herufi chache tu kwa wakati: hapo wakubwa ndio walioathirika zaidi. Macho yao yalikuwa yakitangulia mbali mbele ya vidole, na sasa njia hiyo imezibwa.

Baltes naye alipenda kumtaja mpiga piano Arthur Rubinstein. Akiwa na miaka 80, alieleza anavyomudu jukwaa: amepunguza idadi ya vipande anavyopiga, na hivyo vichache anavifanyia mazoezi zaidi. Palipobaki pagumu, pale muziki unapotaka mbio, alipunguza mwendo kidogo kabla ya kupafikia. Akiingia hapo kwa vidole vyake vya miaka 80, waliokaa ukumbini walisikia mbio.

Haya, yule bwana wa nyuma aliyenyoosha mkono tangu nilipomtaja Piaget, karibu.