Nani Aliyeandika Kichekesho? Mhadhara wa Tabora juu ya Anne Beatts

Mwenyekiti, walimu wangu, wadogo zangu, na wanangu mliokaa kwenye mikeka hapo mbele: mwangaluka. Ahsanteni kwa kunipokea.

Nikiwauliza majina ya wachekeshaji wetu, mtanitajia Mzee Majuto kabla sijamaliza swali. Mungu amrehemu. Nikiwauliza wanawake waliochekesha mbele ya kamera, mtafikiri kidogo, mtapata wawili watatu. Sasa nitajieni mwanamke aliyekaa na kalamu akaandika kichekesho chenyewe. Mnaona? Huo ukimya ndio ulionileta.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa Mzaramo aliyeolewa hapa Tabora. Mnajua maana yake. Tangu enzi za misafara ya pembe kwenda pwani, Mzaramo na Mnyamwezi ni watani, na mtani hakasirikiwi. Msibani bibi hakosi. Nakumbuka alipofariki mzee mmoja wa mtaani kwetu, mwenye ng'ombe wengi, wake watatu na mkono mgumu. Bibi alivaa koti la marehemu, akashika fimbo yake, akapita katikati ya waombolezaji akihesabu senti za chumvi: hii yako, hii yako, hii yako. Akafika mwisho, akarudi kwa yule wa kwanza, akamnyang'anya senti moja, akaitia mfukoni. Wale wake watatu, waliokuwa wanalia tangu alfajiri, walicheka mpaka wakashikana mabega. Wanaume nao walicheka, ila walikuwa wanatazama chini.

Nilikuwa na miaka tisa. Sikujua kwamba jambo lile lina jina, tashtiti, yaani kejeli inayofichua kasoro za watu. Nilichojua ni kwamba mzee alipokuwa hai hakuna aliyethubutu kutamka habari ya chumvi, na sasa imesemwa mbele ya wanawe, na bibi hakuguswa. Utani ulimpa ruhusa. Vichekesho vilipohamia redioni, kwenye kanda za video na kwenye runinga, ruhusa ile wanawake hawakuhama nayo.

Mimi mwenyewe niliipata habari hiyo kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita niliandika igizo fupi juu ya malipo ya tumbaku. Mliotoka Urambo na Kaliua mtanielewa bila maelezo. Mke amepalilia, amechuma majani, amekesha akichochea moto kwenye bani, lile banda la kukaushia tumbaku, amepanga madaraja. Pesa inalipwa kwa jina la mume. Mume anapanda basi kwenda mjini kununua mabati, anarudi baada ya wiki tatu na redio na viatu vyeupe. Katika igizo langu mke hapigi kelele. Anamtandikia mkeka, anamketisha, anamwomba amweleze pesa ilivyotumika, na kwa kila jibu anamwekea jani moja la tumbaku mapajani. Majani yanapanda, yanapanda, mpaka mume haonekani, inasikika sauti yake tu ikiendelea kueleza.

Kikundi kilichonunua igizo hilo, sitakitaja, kililibadilisha bila kuniuliza. Walimbakiza mume, redio na viatu. Mke akageuzwa mwanamke wa sauti kali anayelilia kitenge, na mwishoni anachapwa kofi. Ukumbi ulicheka. Mama aliyekaa karibu yangu alicheka pia, halafu akaacha ghafla, akajifuta viganja kwenye kanga yake. Nilikaa mwaka mzima bila kuandika.

Aliyenirudisha mezani ni mwanamke ambaye sidhani aliwahi kulisikia jina la Tabora. Anne Beatts alizaliwa Buffalo, jimbo la New York, mwaka 1947, akasoma Chuo Kikuu cha McGill huko Montreal, Kanada. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 aliingia National Lampoon, jarida la kejeli la Marekani ambalo waandishi wake walikuwa karibu wote vijana wa kiume, akawa mwanamke wa kwanza kuwa mhariri humo.

Kazi yake iliyozungumzwa zaidi ni tangazo la uongo la gari, la mwaka 1973. Naomba tukae hapa kidogo, maana ukilielewa tangazo hili umemwelewa mwandishi. Volkswagen walikuwa wakijisifu kwamba kale kagari kao ka mviringo kamefungwa vizuri hata kanaelea majini. Na mwaka 1969 Seneta Ted Kennedy, ambaye wengi walimtarajia awe Rais wa Marekani, alitumbukia na gari lake majini kutoka darajani. Yeye alitoka akiwa hai. Msichana aliyekuwa naye, Mary Jo Kopechne, alifia ndani ya gari, na seneta hakwenda polisi mpaka asubuhi yake. Alipewa kifungo kilichoahirishwa, akaendelea kukaa bungeni. Basi Beatts akatengeneza tangazo lenye sura ileile ya matangazo ya kampuni, gari likielea, na chini yake maneno kwamba Ted Kennedy angekuwa anaendesha Volkswagen, leo angekuwa Rais. Kampuni ilikwenda mahakamani.

Wapo wanaosema ule ni mzaha wa kikatili. Mimi nasimama upande wa mwandishi. Nchi nzima ilikuwa inaijadili ajali ile kama mkosi wa mtu mkubwa: masikini, urais umemponyoka. Beatts aliichukua lugha yao hiyohiyo, akaiandika kwa herufi safi za tangazo, na anayecheka anajikuta ameuliza, na yule msichana je? Bibi yangu na zile senti za chumvi alifanya kazi hiyohiyo. Unasema sentensi ya mkubwa kama anavyoisema mwenyewe, ila unaisema mahali ambapo wote wanaisikia.

Oktoba 1975 kipindi cha vichekesho cha runinga, Saturday Night Live, kilianza kurushwa kutoka New York, na Beatts alikuwa mmoja wa wanawake watatu kwenye timu ya kwanza ya waandishi, pamoja na Rosie Shuster na Marilyn Suzanne Miller. Mwaka uliofuata waandishi wa kipindi walipata Emmy, tuzo kubwa ya runinga ya Marekani, na mwaka huohuo wa 1976 yeye na Deanne Stillman wakatoa kitabu kilichokusanya vichekesho vilivyoandikwa na wanawake.

Ninachotaka mkijue zaidi ni namna kile kipindi kinavyofanyiwa kazi. Jumatatu mkutano, Jumanne watu wanakesha wakiandika, Jumatano maigizo yote yanasomwa kwa sauti mezani, Jumamosi usiku mnaingia hewani moja kwa moja. Igizo linakufa au linapona siku ya Jumatano. Chumba kikicheka, linaendelea. Sasa fikirini chumba chenye wanaume wengi na wanawake watatu. Leta hapo kichekesho cha hedhi iliyokukuta darasani, au cha bosi anayeegemea bega lako akisoma unachochapa. Watanyamaza, kwa sababu hayajawakuta. Na ukimya wao utaandikwa kwamba igizo halichekeshi. Hakuna aliyetoa amri ya kuwanyima wanawake nafasi, na bado nafasi imekosekana. Ndiyo maana napenda kukumbuka kwamba walikuwa watatu. Mtu mmoja akicheka peke yake mezani huonekana ana kasoro. Watatu tayari ni hadhira.

Beatts na Shuster ndio waliombuni Lisa Loopner, mwanafunzi wa sekondari mwenye miwani na mafua yasiyoisha, aliyeigizwa na Gilda Radner, na mwenzake Todd, aliyeigizwa na Bill Murray. Msichana wa namna ile kwenye vichekesho vyetu ni wa kupita tu, watu wamcheke sura, aondoke. Lisa alipewa dakika zake, aibu zake na furaha zake, na akarudi tena na tena. Mwaka 1982 Beatts akawa na kipindi chake mwenyewe, Square Pegs, juu ya wasichana wawili wanaotamani kukubalika shuleni. Mmoja aliigizwa na Sarah Jessica Parker, akiwa na miaka 17. Kilidumu msimu mmoja. Mwaka huohuo hapa kwetu Penina Muhando alitoa tamthilia ya Nguzo Mama, ya wanawake wa Patata wanaohangaika kuisimamisha nguzo isiyosimama. Wanafunzi wa fasihi someni ile tamthilia upya, na safari hii jiruhusuni kucheka.

Sitaki mwondoke mkidhani Beatts hakukosea. Mwaka 1987 alikabidhiwa kuongoza msimu wa kwanza wa A Different World, kipindi juu ya chuo cha Wamarekani weusi. Yeye hakutoka huko. Kipindi kilitazamwa sana, lakini wengi waliokulia kwenye maisha yale hawakujiona ndani yake. Msimu wa pili akaja Debbie Allen, mwanamke mweusi aliyesoma Chuo Kikuu cha Howard, nacho cha Wamarekani weusi, akawapeleka waandishi kwenye vyuo vya Atlanta wakawasikilize wanafunzi wenyewe, na kipindi kikabadilika kabisa. Nililielewa hilo kwa aibu kidogo, kwa sababu mimi pia nimewahi kuandika msichana wa kazi za ndani akiwa mjinga wa kuchekwa, na nyumbani kwangu alikuwapo msichana wa kazi ambaye sikuwahi kumuuliza lolote.

Miaka yake ya baadaye Beatts alifundisha uandishi vyuoni California. Alifariki Aprili 2021, akiwa na miaka 74.

Mji huu ulikuwa na Chuo cha Uhazili, cha kufundisha makatibu wa ofisi, ambacho sasa ni tawi la Chuo cha Utumishi wa Umma. Mama zetu na dada zetu walikuja kutoka kila mkoa wakajifunza hapa kupiga chapa kwa kasi bila kutazama vidole, wakaenda maofisini kuandika hotuba za wengine na kuwasahihishia mabosi Kiswahili chao bila kusifiwa. Hakuna watu nchini waliosikia maneno ya wakubwa kwa karibu kuliko wao. Mama yangu mdogo ni mmoja wao. Amestaafu, na yupo safu ya pili pale, amevaa kitenge cha kijani. Shikamoo, mama.

Yeye ndiye aliyenisaidia kuliandika upya lile igizo la tumbaku. Mwezi uliopita tulilisoma kwa sauti kwa wanawake wa kikoba chetu, chini ya mwembe, na nilikuwa na penseli mkononi naweka alama kila walipocheka. Walicheka mahali ambapo sikutegemea, mume anaposema mabati yalikuwa mazito. Sasa nitawasomea ukurasa wa kwanza. Atakayecheka acheke kwa sauti, na asiyecheka asijilazimishe. Penseli ninayo.