Mbwa Aliyepigwa Hajafundishwa

Mbukwenyi! Najua wengi mmekuja kusikia habari za biashara ya kufundisha mbwa: unaanzaje, unatoza shilingi ngapi, wateja wanapatikana wapi hapa Dodoma. Nitafika huko. Kwanza fimbo, maana bila kumaliza la fimbo biashara yenyewe haipo.

Simu ninazopokea zinafanana. Mtu amehamia Ilazo au Kisasa, ukuta umepanda, geti limewekwa, sasa anataka mbwa mkali. Nikimuuliza mbwa yuko wapi saa hizi, yuko bandani, amefungwa mnyororo tangu alfajiri. Akibweka usiku anapigwa anyamaze. Akimungurumia mtoto anapigwa. Halafu siku moja anauma, na mwenye mbwa ananiambia, "Mwalimu, hakuonyesha dalili yoyote!"

Hakuonyesha kwa sababu mlimkataza. Nimelisema kwenye mikutano ya mtaa, nimelisema kwa walinzi, na leo nalirudia: kunguruma ni onyo. Mbwa anayenguruma anakupa nafasi ya kurudi nyuma. Ukimpiga kwa kunguruma, hofu inabaki palepale, kinachoondoka ni lile onyo. Sasa una mbwa anayekwenda moja kwa moja kwenye meno. Huyo ndiye anayeletwa kwenye kituo chetu cha mbwa akiburutwa kwa kamba, anaitwa mbwa mbaya.

Niwaeleze habari ya fagio. Wanaonifahamu wameshaisikia, watanivumilia.

Alikuwa jike wa kahawia, mbwa wetu hawa wa kawaida, aliyeletwa kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa ninachofanya nacho kazi. Shingoni, pale mnyororo ulipokaa, hapakuwa na manyoya. Mpole kabisa, mpaka mtu aingie na fagio la chelewa. Familia moja ilimchukua ikamrudisha, maana dada wa nyumbani alishindwa kufagia uwanja. Wakasema amewarukia ghafla. Si kweli. Fagio likitokea tu, masikio yalikwenda nyuma na mkia ukaingia tumboni. Alilamba midomo wakati hakuna chakula, akapiga miayo wakati hana usingizi, weupe wa jicho ukaonekana pembeni. Vijana, andikeni hizo. Zote hizo hutangulia meno, na asiyezijua ndiye anayesema ghafla.

Tulilaza fagio chini, mbali, karibu na uzio, mahali ambapo aliliona na bado aliweza kula. Hicho ndicho kipimo: mbwa wa siku zote mlafi akikataa dagaa, mmemsogeza karibu mno, rudini nyuma. Akiliona fagio, anapewa dagaa. Akiliona tena, dagaa. Fagio likifunikwa gunia, dagaa zinakoma. Mpangilio ndio kazi yenyewe: fagio kwanza, dagaa baadaye. Ukianza na dagaa ili umlaghai, kisha ukachomoa fagio, umemfundisha kwamba dagaa ni mtego, na kesho ataikimbia hata dagaa. Baadaye fagio likasimama ukutani. Baadaye mtu akalishika bila kutikisika. Baadaye akafagia, lakini upande ule wa pili wa uwanja. Kila mbwa alipokaza mwili tulirudi hatua moja, hakuna aliyemkaripia. Ikafika asubuhi ambayo aliliona fagio akageuka kumtazama mfanyakazi usoni, mkia umelegea, anangoja dagaa yake. Yule mfanyakazi akaita wenzake waje waone. Leo mbwa yule yuko kwa watu Nkuhungu, na uwanja unafagiwa yeye amelala kivulini.

Sasa nasikia kule nyuma: hayo ni mambo ya Wazungu, mbwa wa Kiafrika anaelewa kiboko. Ndugu yangu, panda treni hapa, shuka Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Sokoine, watu wa shirika la APOPO wanafundisha panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu. Wanawafundisha kwa kifaa kidogo kinacholia "tik" panya anapopatia, na kipande cha ndizi. Basi. Mmoja wao, Magawa, alizaliwa na kufunzwa hapa hapa Tanzania, akapelekwa Kambodia mwaka 2016, akagundua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100, na mwaka 2020 shirika la tiba ya wanyama la PDSA la Uingereza likampa nishani ya dhahabu. Panya! Hakuna aliyemchapa, na watu walitembea juu ya ardhi aliyoikagua yeye. Kama panya wa Morogoro anaifanya kazi ya kufa na kupona kwa ndizi, usiniambie mbwa wa Dodoma hawezi kukaa chini mpaka apigwe ubavuni.

Na lile jingine, ambalo halikosekani: mbwa uliyemzoesha chakula, mwizi atamtupia nyama. Tufikiri pamoja. Nani atakimbilia nyama ya mwizi, mbwa aliyeshiba, anayekula mkononi mwa mwenyewe na aliyezoezwa kuacha kilichotupwa chini, au yule aliyelala na ukoko wa jana? Mwenye njaa ndiye rahisi kulishwa sumu. Kuacha kitu cha chini ni zoezi la mapema kabisa kwangu: mkono umefumbwa na dagaa ndani, mbwa ananusa, analamba, anasukuma kwa pua, wewe kimya. Akijitoa mwenyewe, "tik," anapewa nyingine kutoka mkono wa pili. Mtoto wa darasa la nne anaweza kulifanya, na nyumba nyingi mtoto ndiye analifanya vizuri kuliko baba.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, biashara, haraka haraka.

Unayemfundisha ni mwenye mbwa. Usikubali kuchukua mbwa mwezi mzima ukamrudisha "amekamilika", maana anarudi kwenye fimbo ileile. Wateja wa majumbani ndio wanaolipia mazoezi ya mbwa wa kituo. Bila wao kituo kitajaa na hakuna atakayechukuliwa. Usimwahidi mteja kwamba mbwa hatauma kamwe. Anayekuomba umpige mbwa, mrudishie hela yake, na mkumbushe kuwa Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza ukatili. Watoto wa mbwa muwawahi, kati ya wiki 3 na 14 hivi, wazoee watu, bodaboda, mvua kwenye bati. Mtu akisema samaki mkunje angali mbichi, namkubalia, mkunje kwa dagaa. Chanjo ya kichaa cha mbwa si hiari: karibu vifo vyote vya watu kwa ugonjwa huu vinatokana na mbwa, na kuuzuia kunahitaji asilimia 70 ya mbwa wachanjwe. Kuhasi nilitaka nilizungumzie kwa kirefu, haitawezekana leo, waoneni madaktari wa mifugo.

Mkataba wa kuchukua mbwa kituoni uwe wa Kiswahili na uwe mfupi: hafungwi mnyororo mchana kutwa, hapigwi, tunakuja kumwona, na akiwashinda anarudi kituoni, haachwi barabara ya Singida. Nakala ziko hapa mezani, mchukue. Bei niulizeni kwenye maswali.